Nilivyopoteza kunde za mama

Leo hakuna msimbo. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya somo la hifadhidata naomba subira, nitaimaliza wiki ijayo. Leo nataka kuwasimulia habari ya kunde. Msinicheke. Mkifika mwisho mtaona kwamba inahusu pia kazi yetu hii ya tarakilishi, tena kwa namna iliyonitia aibu.

Mama yangu alifariki Januari 2022. Baada ya matanga tulikaa ndugu wote nyumbani kwetu Ganze tukagawana vitu vyake vichache. Dada walichukua leso na vyombo, kaka akachukua redio. Mimi nilichukua chupa ya soda ya nusu lita iliyokuwa juu ya kabati, imejazwa kunde mpaka shingoni, zimechanganywa na jivu, na kifuniko chake kimezungushiwa kipande cha nailoni kikafungwa kwa uzi. Hiyo ndiyo mbegu aliyokuwa akipanda kila mwaka tangu nipate akili. Kunde ndogo, nyeupe kama maziwa yaliyolala, zenye jicho jeusi. Ukizichemsha hazivurugiki, na ukizitia tui la nazi zinabaki nzima nzima. Nimekula kunde za sokoni maisha yangu yote ya ukubwani na sijaonja zilizo kama zile.

Mimi naishi Mtwapa, kazi yangu naifanyia nyumbani. Nyuma ya nyumba ninayopanga kuna kiwanja cha mita 4 kwa 6 ambacho mwenye nyumba aliniruhusu nilime, kwa sharti kwamba kuku wake wakila, nisilalamike. Basi Aprili 2022, mvua za masika zilipoanza kudondoka, nikachukua jembe.

Kwa asiyejua, kunde ni zao la watu wasio na muda, yaani zao letu sisi. Haitaki udongo mnono. Nilichora mistari iliyoachana sentimita 60, nikatoboa mashimo kila baada ya sentimita 20, kina cha sentimita 3 au 4, mbegu mbili kila shimo. Jumla mbegu kama 400, na chupa bado ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Siku ya tano zikaanza kuchomoza, kila moja ikiinua kichwani ile kunde yenyewe iliyopasuka vipande viwili. Siku ya sita kuku walifika. Nikazungushia matawi ya miiba, nikarudishia mashimo yaliyoachwa matupu, na bila kulalamika, kama tulivyokubaliana.

Mvua za mwaka ule zilikuwa chache sana, mnakumbuka ule ukame wa 2020 hadi 2023 ulivyotutesa. Nilimwagilia ndoo mbili jioni, siku moja moja. Mahindi ya jirani yalikauka yakiwa kimo cha goti. Kunde zangu zilinywea mchana, usiku zikapona. Mizizi yake huenda chini kufuata unyevu, na ndiyo maana toka Ukambani mpaka Sahel huko Afrika Magharibi watu wa nchi kavu huitegemea.

Wiki ya nne nikaanza kuchuma majani machanga. Mboga ya kunde kwa nazi na sima sina haja ya kuieleza kwa watu wa pwani. Hapo kuna onyo dogo: ukichuma majani kwa pupa, punje zitapungua, maana jani ndilo linalopika chakula cha mmea. Nilichuma mistari miwili tu, mingine nikaiacha.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikufundishwa vizuri shuleni. Siku moja nilipokuwa nikipalilia niling'oa mche mmoja kwa bahati mbaya. Mizizini kulikuwa na vinundu vidogo kama shanga. Nikakata kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na rangi ya waridi, karibu nyekundu. Humo ndani mnaishi bakteria wanaochukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea ambayo mmea unaweza kuitumia, nao mmea unawalipa kwa sukari. Ile rangi inatokana na kitu kilicho ndugu na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kuwadhibitia bakteria wale oksijeni. Kama kinundu ni cheupe au kijivu ndani, kazi haifanyiki. Kikiwa cha waridi, kiwanda kinaendelea. Nilikaa pale chini na ule mche mkononi kama dakika kumi, na simu ya kazini ikiita.

Maua yalikuja wiki ya saba, ya zambarau iliyopauka. Hufunguka alfajiri, na saa sita mchana yamekwisha kufunga. Mara nyingi ua la kunde hujichavusha lenyewe hata kabla halijafunguka. Hili liwekeni akilini, nitalirudia. Vidukari weusi walivamia mashina, wakilindwa na sisimizi. Niliwaosha kwa maji ya sabuni ya kipande, asubuhi tatu mfululizo, wakapungua.

Kisha maganda yakaanza kukauka. Hapa ndipo nilipoanza kukosea, na kosa langu lilikuwa kosa la mtu wa programu. Maganda ya kunde hayakauki pamoja. Leo matano, kesho kutwa kumi, na juu ya mche huo huo bado kuna maua. Mama alikuwa akipita shambani kila baada ya siku mbili tatu na kikapu, anachuma yaliyobadilika rangi kuwa ya majani makavu, anaondoka. Mimi nilijiambia nitasubiri yote yakauke, nivune mara moja, nimalize, kama mtu anayetoa toleo la programu. Kwa hiyo maganda ya kwanza yalikaa juani zaidi ya wiki mbili yakinisubiri.

Katikati ya Julai nikavuna. Nikayaanika kwenye turubai, nikayatia guniani nikayapiga kwa fimbo, nikapepeta kwa uteo. Kilo 1 na gramu 900, nimepima kwa mizani ya jikoni. Nilipiga picha nikawatumia ndugu zangu wote. Kaka aliniandikia, "Mama angefurahi."

Basi tukala, tukagawa kidogo kwa mwenye nyumba (kuku wake walikuwa wamechangia), ikabaki kama kilo moja ya mbegu. Na hapa, wasomaji, ndipo nilipofanya ujinga wenyewe.

Nilinunua mtungi mkubwa wa kioo, wa lita 5, mzuri wa kuonyesha wageni. Nikaichukua chupa ya mama na zile kunde zilizobaki, nikazichekecha jivu lote nikalitupa, maana niliona ni uchafu tu wa mambo ya zamani. Nikazimimina mtungini pamoja na mavuno yangu mapya. Za mama na zangu, zote mahali pamoja. Nikaweka mtungi juu ya rafu ya jikoni, na kila mgeni aliyekuja niliufungua aone.

Katikati ya Oktoba, mvua za vuli zikiwa zinatarajiwa, nikaushusha mtungi. Kwanza nilisikia. Ukiweka sikio karibu kulikuwa na mchakacho mdogo, kama mchanga unaomiminika mbali. Nikafungua, ukatoka unga mwepesi na harufu kali. Nikamwaga kwenye uteo. Kunde zikatembea. Wadudu wadogo wa kahawia, wenye mabaka mgongoni, wengi wasiohesabika, na kila kunde ina tundu la mviringo safi kabisa, kama limetobolewa na mashine. Nyingine zina matundu matatu, manne. Ukizibinya zinavunjika kuwa vumbi.

Sisi katika kazi yetu kosa la programu tunaliita mdudu. Siku ile nilikutana na mdudu mwenyewe.

Nilikaa sakafuni jikoni nikachambua mpaka saa nane za usiku. Katika kilo moja na zaidi nilipata kunde 31 zisizo na tundu. Thelathini na moja. Na hata hizo, nilipozimulika kwa tochi ya simu, nyingine zilikuwa na vidoa vyeupe vilivyogandamana kwenye ganda, ambavyo ni mayai. Sikulia kwenye matanga, nilikuwa nashughulikia majeneza na maturubai na wageni. Nililia usiku ule, juu ya uteo wa kunde.

Kulipokucha nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi Julai, nikasoma. Huyu ni fukusi wa kunde, na wataalamu wanamwita Callosobruchus maculatus. Hakuingia jikoni kwangu. Alianzia shambani, akataga mayai juu ya maganda yaliyokuwa yakikauka yakinisubiri. Buu hutoboa punje, hula ndani kwa ndani, na hutoka mkubwa kwa lile tundu. Kwa joto la pwani safari nzima ni kama mwezi mmoja. Tufanye hesabu ya haraka. Chukua majike 5 tu yaliyoingia na mavuno. Tuseme kila mmoja anaacha majike 10 yanayosalimika, na madume idadi hiyo hiyo, ingawa jike anaweza kutaga mayai 80 na zaidi. Mwezi wa kwanza ni majike 50, wa pili 500, wa tatu 5,000, na madume wao 5,000. Mtungi wangu ulikuwa na kunde kama 7,000 au 8,000. Yaani hesabu ilikuwa imekwisha kabla sijafungua.

Na jivu la mama? Jivu laini hujaza nafasi kati ya punje, fukusi anashindwa kutembea na kupandana, na hukwaruza ngozi yake mpaka akakauka. Na ile chupa iliyojazwa mpaka shingoni na kubanwa kwa nailoni? Huo ndio uvumbuzi ambao wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walianza kuufanyia kazi pamoja na wakulima wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, nao kwa ajili ya kunde hizi hizi. Wakatengeneza mifuko yenye tabaka tatu isiyopitisha hewa, na kuanzia 2007 ikasambazwa Afrika Magharibi. Siku hizi hata kwetu inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Fukusi aliyefungiwa humo humaliza oksijeni yake mwenyewe. Na kwa sababu mwili wake hutengeneza maji kwa kutumia hiyo oksijeni, anakufa kwa kiu. Mtungi wangu wa lita 5, mtupu kwa zaidi ya nusu na kufunguliwa kila mara, ulikuwa na hewa ya kutosha kulea taifa zima.

Mama hakuwa amesoma habari za oksijeni. Lakini chupa yake ilikuwa sahihi, na mtungi wangu haukuwa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda matatu mpaka Kilifi, na kutoka hapo nyingine ya kwenda Ganze. Nilikuwa nakwenda kumwona jirani yetu, rafiki wa mama, ambaye sisi watoto tangu zamani tunamwita Mama Mkubwa. Sikujua nitamwambia nini. Nafikiri nilitaka tu kukiri kwa mtu mzima.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Hawakupikii huko Mtwapa?"

Nikamweleza yote, mtungi, jivu, fukusi, zile 31. Alinisikiliza akiwa anapukuchua mahindi, bila kuinua macho. Nilipomaliza akacheka. Kwa kweli alicheka mpaka akaweka gunzi chini.

"Kunde za mama yako? Mwanangu, hizo ni kunde zangu. Mwaka ule wa mafuriko ya El Niño, mwaka wa 1997, za mama yako zote ziliozea shambani. Akaja hapa unapokaa, akalia kama unavyotaka kulia wewe. Nikampa kibaba. Na mimi mbele yake fukusi walinimaliza, akanipa yeye. Na wa kwanza kabisa kuzileta hapa ni mama mkwe wangu, naye alitoka nazo kwao."

Akaingia ndani akatoka na chupa ya soda. Jivu, nailoni, uzi. Akanipimia kibaba kimoja.

"Ukivuna nirudishie kibaba. Na uwape watu wawili. Usiponirudishia mimi si neno, lakini hao wawili uwape."

Nilirudi Mtwapa na kibaba changu mapajani, nikiona haya. Miaka yote hii nafanya kazi inayohusu kulinda data za watu. Mteja akiniambia ana nakala moja tu ya kazi yake, namhubiria: nakala moja ni sawa na kutokuwa nayo. Weka tatu, na angalau moja iwe mbali na nyumbani, ili nyumba ikiungua usipoteze yote. Halafu urithi wa mama nikautia wote katika mtungi mmoja, tena nikachanganya na nakala ya zamani! Wanawake wa kijijini kwetu walikuwa na mfumo ambao umevuka mafuriko, ukame na fukusi kwa vizazi vitatu ninavyovijua, na hakuna hata mmoja wao aliyeuita mfumo.

Mfumo huo unawezekana kwa sababu ya lile jambo niliowaomba mliweke akilini. Kwa kuwa kunde hujichavusha yenyewe, mtoto hufanana sana na mzazi. Ukimpa jirani kibaba, umempa karibu nakala kamili. Akikurudishia baada ya miaka kumi, unarudishiwa kilekile. Jaribu hivyo na mahindi chotara ya dukani, msimu wa pili utashangaa. Na lile sharti la Mama Mkubwa, kwamba aliyepewa lazima naye atoe, wasomaji wangu wa programu huria mtalitambua. Richard Stallman aliliandika kwa lugha ya sheria mwaka 1989 katika leseni ya GPL. Kwetu lilikuwa likisemwa barazani.

Msidhani nawadharau wenye maabara. Benki ya mbegu ya taifa iko Muguga tangu 1988, na kule Ibadan, Nigeria, taasisi ya IITA inahifadhi sampuli zaidi ya 15,000 za kunde kwenye baridi. Lakini hata huko mbegu hazikai milele. Kila baada ya miaka fulani lazima zitolewe, zipandwe, zivunwe upya. Na kugawiana huku kwa majirani kuna wakati kulionekana kwa jicho baya na sheria yetu ya mbegu. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba vifungu vilivyokuwa vikimtia hatiani mkulima kwa kugawa au kuuza mbegu zake za kienyeji. Niliposoma habari hiyo nilimpigia simu Mama Mkubwa. Akaniuliza, "Kwani ilikuwa marufuku?"

Kwa wanaotaka kujaribu, haya ndiyo ninayofanya sasa:

1. Navuna kila baada ya siku mbili tatu, ganda likibadilika rangi tu. Sisubiri.

2. Naanika punje mpaka ukiuma moja kwa jino inavunjika badala ya kubonyea.

3. Mbegu zikikauka hivyo naziweka katika mfuko uliofungwa vizuri ndani ya friza kwa siku nne. Mayai na mabuu hufa. Asiye na friza atandike nailoni nyeusi juani, amwage kunde tabaka moja, afunike kwa nailoni angavu na kubana kingo. Joto humo likifika nyuzi 65 huwaua wote kwa dakika chache.

4. Natia katika chupa ndogo, kavu, najaza mpaka shingoni, nabana kifuniko. Jivu natia pia. Sasa najua kazi yake.

5. Sichanganyi mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana.

6. Nagawa. Hili lingekuwa la kwanza.

Zile 31 nazo nilizipanda vuli ile ile, mstari wa peke yake, kwa kumwagilia. Zilichipua 19. Nilipopeleka kibaba cha Mama Mkubwa Februari 2023 nilimchukulia na hizo kidogo katika karatasi, nikamwambia hizi ndizo za mama hasa, zilizopitia mkononi mwake mwenyewe. Alizimimina kwenye kiganja, akaziangalia, akazigeuza. Kisha akazimwaga ndani ya kibaba pamoja na zile nyingine, akachanganya kwa kidole.

Nilitaka kumzuia. Sikumzuia.

Kwa sasa kunde hizi ziko kwa dada yangu Malindi, kwa kaka, kwa mwenye nyumba wangu ambaye amewafungia kuku wake banda, na kwa mwandishi programu mwenzangu anayezipanda kwenye ndoo kwenye veranda ya ghorofa ya tatu huko Nairobi. Zake hukawia kidogo kwa ajili ya baridi, lakini ametuma picha ya ganda la kwanza. Nimemwambia asisubiri yakauke yote.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Tutaanza na jinsi ya kuweka nakala za akiba, na safari hii nitawafundisha kwa adabu zaidi.